Mama Mkubwa Alisema, Kasuku Akasikika

Jumanne, mvua za Novemba

Mvua ilianza kabla sijaamka na haina haraka ya kuondoka. Nikichungulia dirishani naona ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa upande wa ufukweni, matope yote ya milimani yameteremkia humo, na mbele kidogo hakuna kitu. Milima ya Burundi leo haipo. Nimepiga simu kazini, kwenye ile radio ndogo ninayohariri sauti, nikasema naumwa. Sikudanganya sana.

Ee shajara yangu, leo sina moyo. Naandika kwa sababu nikikaa kimya nasikia kicheko cha watu, na kicheko hicho kimo kichwani mwangu tangu juzi.

Juzi Jumapili, baada ya misa, filamu yangu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa sinema hapa mtaani kwetu Kilibula. Ninyi mnaosoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni mnajua nimeisumbukia kwa muda gani. Mlinipongeza nilipoandika kwamba imekamilika. Sasa nawaomba msinipongeze tena.

Filamu imependwa. Ndilo balaa lenyewe.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana wengine mmeingia leo. Nina mama mkubwa, dada yake mama yangu, anaishi Nyakabere, nje ya mji. Mumewe alikufa akamwachia mabinti watatu, wote wameolewa mbali, na shamba la mpunga huko Luberizi, upande wa mfereji. Matanga yalipoondolewa tu, mdogo wake marehemu akalichukua shamba. Huyo tunamwita Papa Kashindi. Ana duka la saruji na mabati hapa mjini, hajawahi kupanda hata shina moja la mpunga tangu alipoacha kaptula za shule, lakini ukoo ni ukoo: Mama Mkubwa hakuzaa mtoto wa kiume, basi shamba likarudi kwa wanaume. Leo Mama Mkubwa analima kibarua kwenye mashamba ya majirani, na akienda lazima apite kando ya lile lililokuwa lake.

Kulikuwa na kikao cha ukoo. Walimwita, wakampa mkeka, hawakumpa neno. Alipofungua mdomo, mzee mmoja akamwambia mjane hasemi mbele ya mashemeji zake kabla hajaulizwa. Basi akangoja kuulizwa. Kikao kikaisha.

Mimi nikamwambia, Mama Mkubwa, nina kamera ya kuazima na kinasa sauti kizuri cha kazini. Njoo ucheze mjane kwenye filamu yangu. Yale uliyonyimwa kusema kwenye kikao, utayasema mule.

Alicheka kwanza. Akaniuliza nani atataka kumwangalia mwanamke mzee mwenye miguu ya matope. Siku ya tatu akakubali, akaenda kuosha kitenge chake.

Ile sehemu ya mwisho tuliipiga pale pale Luberizi, yeye amesimama ndani ya mfereji, maji yanamfika magotini. Sikumwandikia maneno. Nilimwomba tu aseme Kiswahili, ili kila mtu wa huku amwelewe, Mfuliiru, Mrundi, Mbembe, yeyote. Akasema. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili cha huku ambacho mimi ni "minye", yawepo angalau mahali pamoja:

"Shemeji, huu mufereji tuliuchimba minye na kaka yako. Yeye alikuwa na jembe, minye nilikuwa na mikono. Ile muchele ulikula kwangu ukiwa mwanafunzi, ilitoka hapa. Nilikupakulia mbele ya watoto wangu. Siombi shamba ya ukoo. Naomba ile pahali mikono yangu ilitumika. Unirudishie hata hii upande ya mufereji tu, nipande, nikufe nikipanda."

Kisha akaangalia maji. Mimi nyuma ya kamera nilikuwa nalia, na kinasa sauti kikanisaidia kwa kutonirekodi.

Sikilizeni, Papa Kashindi si mnyama. Nilimfuata dukani kwake nikamweleza kwamba kuna filamu, kwamba limo neno la shemeji yake, na kwamba namwalika aje kulisikia. Nilidhani atanifukuza. Akafuta mikono yenye vumbi la saruji, akafikiri, akaniambia: "Kama iko na neno, aseme mbele ya watu. Nitasikia. Na kama neno yake iko sawa, kwenye kikao ya samedi nitajibu mbele ya wazee." Nilitoka pale nikitembea juu juu. Siku ya Jumamosi hii ukoo unakaa tena, na mwenye shamba mkononi ameahidi kusikia kwanza. Nani alikuwa amewahi kumpa Mama Mkubwa kiasi hicho?

Ningeweza kumwonyesha kwenye kompyuta yangu, uani, watu watano kwenye viti vya plastiki. Sauti ingetoka safi. Lakini alitaka mbele ya watu, na mimi pia, nikiri, nilitaka mbele ya watu. Nilitaka shuka kubwa jeupe, viti vimejaa, jina langu mwishoni. Basi nikaenda kwa Baba Vero, mwenye ukumbi.

Kama hujawahi kuingia sinema zetu, nikueleze. Ni nyumba ndefu ya mbao na mabati, mabenchi, shuka ukutani, spika mbili kubwa mbele ambazo moja ilishapasuka na inakoroma kila kitu inachopewa. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka mgongoni mwa mtazamaji. Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele zake. Na juu ya hayo yote kuna mtafsiri. Anakaa pembeni na mikrofoni, filamu za vita na za mapigano zinakuja katika lugha za mbali, yeye anazigeuza Kiswahili papo hapo. Anakuwa shujaa, anakuwa adui, anakuwa mke wa adui anayelia. Hajui Kichina wala Kihindi. Anaangalia midomo na ngumi, anatunga.

Mtafsiri wa ukumbi huu anaitwa Kasuku. Siku za kazi ananyoa watu nywele karibu na soko. Ni kijana mwema, mcheshi, na wengi huja kwa ajili yake kuliko filamu. Nimekua nikimcheka mimi mwenyewe.

Sasa ndipo nilipokosa akili. Mimi, ambaye kazi yangu ni sauti, sikuwahi kujiuliza kwa nini sinema zetu zina sauti mbovu namna ile na hakuna hata mtu mmoja anayelalamika. Jibu liko wazi kama jua. Hakuna aliyewahi kuihitaji. Watu wa hapa hawajawahi kusikiliza filamu, wamemsikiliza Kasuku. Sauti ya filamu kwao ni kelele ya kupunguzwa ili mtu asikike.

Na mimi nilipeleka filamu ambayo mali yake yote ni sauti ya mwanamke mmoja.

Jumamosi nilikwenda kujaribu. Ukumbi mtupu, umeme upo, jua kali. Nilichomeka waya mwenyewe, nikakaa benchi la mwisho kabisa, na Mama Mkubwa alisikika mpaka pumzi yake. Hata ile spika mbovu ilikuwa na adabu. Nilirudi nyumbani nikaimba nikipika.

Jumapili mchana umeme ukakatika watu wakiwa bado wanaingia. Mvua ikaja. Jenereta ikawashwa. Wasiwasi ukanishika kidogo, lakini ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni, wengine wameketi chini, wamama wa kanisani kwetu, wanafunzi, madereva wa pikipiki. Papa Kashindi alikuja na kaka zake wawili, wamevaa vizuri, wakapewa benchi la mbele. Mama Mkubwa alikuwa kando yangu, upande wa ukutani, na kile kitenge alichokiosha. Alitoka Nyakabere asubuhi kabla ya jua ili asichelewe.

Filamu ikaanza. Nikasikia maji ya mfereji. Nikasikia ng'ombe wakipita barabarani, upepo kwenye mpunga, hata mvua ya nje ikachanganyika nayo vizuri tu. Kisha mtu wa kwanza akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Nilijua hapo hapo. Waya. Ukiuchomeka nusu, mashine inatoa sauti zilizowekwa pembeni, kushoto na kulia, na kumeza zile za katikati. Pembeni mimi niliweka maji, ng'ombe na upepo. Katikati niliweka watu. Baba Vero alikuwa ameuchomoa waya ili apige muziki watu wakiingia, kisha akaurudisha kwa haraka haraka, akasikia ng'ombe, akaridhika.

Niliinuka. Mashine zote zimo kwenye kibanda cha mbao nyuma kabisa, na kati yangu na kibanda kulikuwa na watu waliobanana chini mpaka huoni pa kuweka mguu. Nilipita nikikanyaga sketi za watu na kuomba samahani. Nilipofika, Baba Vero akaweka mkono mlangoni. "Usiguse kitu, dada. Projekta iko na mushipa mubovu. Ukitikisa waya moja, yote itazima, na hii watu wote itanipiga." Nikamwambia watu hawasikii. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Lakini ng'ombe inasikika," akasema.

Wakati nabishana naye, ukumbi ulishaanza kunung'unika. Midomo inatembea, maneno hakuna. Mtu akapiga kelele kutoka katikati: "Kasuku! Tafsiria!" Mwingine akaitikia. Wakaanza kupiga makofi kwa pamoja, "Ka-su-ku! Ka-su-ku!"

Filamu ya Kiswahili, mbele ya Waswahili, wakaomba itafsiriwe kwa Kiswahili.

Na Kasuku, maskini, hakuja kazini siku ile. Alikuja kutazama tu, ameketi na mchumba wake. Lakini fundi akiitwa huitika. Akaenda pembeni, akachukua mikrofoni yake, na mikrofoni ile imeunganishwa na spika nzima. Sauti yake ikajaa nyumba. Watu wakashangilia kana kwamba umeme umerudi.

Hakuwa ameiona filamu kabla. Hakujua hadithi. Alifanya kama afanyavyo siku zote: aliangalia midomo, akatunga. Msiba wa mwanzo akaugeuza ugomvi wa walevi. Kikao cha ukoo kikawa watu wanaogombea mbuzi. Watu wanacheka, wanajipiga mapaja. Nami nimekwama katikati ya njia, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, nasema "hapana, hapana" na hakuna anayenitazama.

Kisha ikafika ile ya mwisho. Mama Mkubwa yumo ndani ya mfereji, maji magotini, ameinua mikono. Uso wake umejaa shuka zima. Nilikuwa nimeihariri sehemu ile kwa uangalifu, kope kwa kope.

Kasuku akabana sauti ikawa ya kike, nyembamba, ya kudeka: "Shemeji! Chukua shamba yako! Mimi nimechoka na matope! Nataka bwana mupya, mwenye pikipiki!"

Nyumba ililipuka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna hiyo, si kwa filamu yoyote. Midomo ya Mama Mkubwa inatembea, anaomba upande wa mfereji, na Kasuku anamalizia: "Weka na kofia ya pikipiki, shemeji, nisiumie!" Papa Kashindi alitoa kitambaa mfukoni, akawa anafuta machozi ya kucheka. Kaka zake wanamgonga mabegani.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Si hivyo! Hakusema hivyo!" Mama mmoja aliyeketi chini akanivuta sketi nikae. "Madame, ikala! Tunataka kusikia!"

Tunataka kusikia.

Nilimtafuta Mama Mkubwa kwa macho. Alikuwa anatabasamu. Watu waliokaa naye walikuwa wanamgeukia, wanampigia makofi, wanamshika mkono, na yeye mtu wa heshima, akipewa mkono anaupokea. Nilipomfikia taa zikiwa zimewashwa, aliniinamia sikioni akaniuliza: "Riziki, ile sauti ilikuwa ya nani?" Nikamwambia ni ya Kasuku. Akatikisa kichwa polepole. Hakuuliza tena, na tabasamu likamtoka taratibu huku watu bado wanampongeza.

Mlangoni Kasuku mwenyewe akanikimbilia, jasho linamtiririka, furaha tupu. "Yaya Riziki, dada yangu! Nimekuokolea filamu! Ungekufa na haya leo!" Ningempiga kofi kama ningeona ubaya usoni mwake. Sikuuona. Alikuwa amenisaidia kwa moyo wake wote. Nikamwambia asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Jana Jumatatu nilijikaza nikaenda dukani kwa Papa Kashindi na kompyuta begani. Njiani watoto wa shule waliniona, wakaimba "bwana mupya, bwana mupya mwenye pikipiki." Siku moja tu, na mji mzima umeshajua wimbo.

Nilimwambia: Baba Mdogo, uliahidi kusikia. Jana hukusikia, waya ulikuwa mbovu. Nipe muda wa kunywa chai tu, usikie sauti yake mwenyewe. Nikafungua kompyuta juu ya mifuko ya saruji.

Hakuigusa. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliniua. "Binti yangu, minye nilisema nitasikia mbele ya watu. Nilikuja. Nilikaa mbele. Nilisikia, na watu wote walisikia." Nikasema yale hayakuwa maneno yake. Akacheka kidogo. "Lisemwalo lipo. Mwenyewe alikuwa pale, hakukatala. Watu walimupongeza, akapokea. Muntu asiyesema kitu, anapongezwa nini?" Kisha akamhudumia mteja wa misumari.

Nilifunga kompyuta nikaipangusa vumbi la saruji. Yeye anajua. Naamini kabisa anajua. Mtu mzima, msomi, mfanyabiashara, hawezi kuamini kwamba mjane wa kaka yake alisimama ndani ya mfereji kuomba mume mwenye pikipiki. Lakini neno lile limempendeza, limemrahisishia, na ushahidi wake ni ukumbi mzima. Jumamosi atawaambia wazee: shemeji alishasema mbele ya watu. Na wazee watacheka, maana nao walikuwepo au watoto wao walikuwepo, na kicheko kitafunga kikao.

Na mimi ndiye niliyemletea ushahidi huo. Kabla ya filamu yangu, Mama Mkubwa alikuwa mtu ambaye hajaulizwa. Sasa ni mtu aliyekwisha kujibu.

Jioni Baba Vero akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu kizuri. Anasema watu wanamsimamisha njiani, wanaitaka tena Jumapili ijayo, nami nimrudishie ile flash yenye filamu niliyoichukua, na Kasuku ameshafikiria vichekesho vingine. Nikamwuliza kama atatengeneza waya. Akaniuliza waya gani.

Nikakata simu. Mwenye kelele hana neno, walisema wahenga. Wangekuja kukaa Kilibula siku moja wangefuta methali hiyo. Hapa mwenye kelele ndiye mwenye neno, na asiye na kelele anachukuliwa hata lile aliloshika mdomoni.

Nimekasirika na nani? Najaribu kumpata mmoja na simpati. Kasuku alipenda kunisaidia. Baba Vero aliogopa mashine yake izime. Watu walitaka kufurahi, na Mungu ajua tulivyo na njaa ya kufurahi hapa, mji ambao mlango ukijibamiza kwa nguvu sote tunanyamaza kwanza tusikilize kama ni mlango au ni risasi. Nani awalaumu kwa kucheka Jumapili moja? Sina wa kulaumu, na hasira isiyo na wa kumwangukia imeniangukia mimi.

Leo asubuhi, katika mvua hii hii, Mama Mkubwa amekuja. Amepanda pikipiki kutoka Nyakabere, ameloa mpaka mifupani. Nimempa kanga kavu na chai, akaketi kwenye kitanda changu kwa sababu kiti kina nguo. Hakunilaumu. Nilikuwa nimejitayarisha kulaumiwa, ningefurahi hata kulaumiwa.

Alikunywa chai nusu kikombe ndipo akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa: "Mutoto wangu, pale kwa mufereji, nilisema nini?"

Sikuelewa. Nikamwambia, Mama Mkubwa, si ulisema wewe mwenyewe? Akasema ndiyo, alisema, lakini tangu Jumapili akijaribu kuyakumbuka maneno yake inakuja ile sauti nyembamba. Jirani yake amemwuliza kama ni kweli amechoka na shamba, na kabla ya kujibu ilibidi afikiri. Watu mia, akasema, wanasema ndivyo ulivyosema. Wewe ni mmoja.

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika hasa. Ukumbini uliumia tu.

Nikamvalisha spika za masikioni zile kubwa za kazini, nikazibana vizuri juu ya kilemba. Nikamtafutia sehemu ya mwisho. Mimi sikusikia kitu isipokuwa mvua, nilimwangalia uso. Midomo yake ikaanza kutembea pamoja na yule wa kwenye kioo cha kompyuta, anafuatisha maneno yake mwenyewe kama mtu anayejibu sala kanisani. Alipofika kwenye muchele, akafumba macho. Ilipoisha akaniashiria nirudishe. Alisikiliza tena na tena, chai ikapoa.

Alipozivua alikuwa mtulivu kabisa. Akasema: "Ni minye. Nilisema vizuri."

Ndiyo, Mama Mkubwa. Ulisema vizuri sana.

Nikadhani tumepata kitu. Nikaanza kumwaga mipango: Jumamosi nitakuja nawe kikaoni, nitabeba kompyuta na spika ndogo, nitawalazimisha wazee, nitaipeleka radioni, nitaiweka hapa kwenye ukurasa wangu dunia nzima isikie. Nilikuwa nasema haraka, nimepiga magoti mbele yake, nimemshika mikono.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema: "Riziki, uifute."

Nikamwachia mikono.

Akasema kwamba ikiwa hapo, wataitaka tena. Wataichukua kwa njia hii au ile, Kasuku atasema juu yake, na kila mara watu watacheka, mpaka wajukuu zake wamjue kwa ile pikipiki. Akasema kikaoni hatakwenda. Akasema: "Munaniomba niseme, nasema. Munaniomba tena niseme. Minye nimechoka kusema. Nilijisikia leo, inanitosha. Uifute yote, na ile ya kwa flash. Uniahidi."

Sikumwahidi. Nilisema, "Mama Mkubwa, ngoja kwanza." Nikamwongezea chai asiyoitaka. Akavaa viatu vyake vya plastiki, akanibariki kichwani kama anavyofanya siku zote, akatoka na kanga yangu mabegani kutafuta pikipiki ya kurudi. Sasa atakuwa amefika. Pengine yuko shambani kwa mtu.

Nimekaa na kompyuta wazi tangu aondoke. Flash ipo hapa mezani. Kazi ya kidole kimoja. Nimejiambia maneno mengi mazuri: kwamba ile ndiyo sauti yake pekee ya kweli iliyobaki, kwamba haki ina njia ndefu, kwamba kesho kutwa atabadili mawazo na atanishukuru, kwamba mimi namjua anachokitaka kuliko anavyojijua kwa sasa. Nimeyaandika hapa yote kisha nikayasoma, na la mwisho limenitia baridi.

Maana hivyo ndivyo alivyofanya yule mzee wa kikao. Ndivyo alivyofikiri Kasuku alipoangalia midomo yake. Na Papa Kashindi, juu ya mifuko yake ya saruji.

Nikiifuta, hakuna atakayejua tena Mama Mkubwa alisema nini, na shamba limekwenda. Nisipoifuta, nimefanya kama wao: leo asubuhi alikaa kwenye kitanda changu, hakuna jenereta, hakuna spika mbovu, hakuna mtu katikati yetu, akaniomba kitu kimoja kwa sauti yake mwenyewe.

Je, mimi nilimsikia?